Asali kwa egzema (ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha): msaidizi, si dawa kamili

Asali ya sokoni Kadutu, hapa Bukavu, mara nyingi huwa mbichi. Hilo ni jema, ila si safi kama ile ya hospitali inayosafishwa kwa mionzi. Kwa hiyo ipake kwenye ngozi kavu inayowasha tu, isiyo na vidonda. Palipochanika au panapotoa maji, usiguse na asali hiyo.

Kwanza jaribu: tone moja upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, ungoje saa 48. Masalia ya chavua na gundi ya nyuki huweza kuleta mzio. Pakivimba au kuwasha zaidi, acha kabisa.

Ngozi ikikubali, osha kwa maji vuguvugu, kausha kwa kugusagusa, paka nusu kijiko cha chai kwa eneo lenye ukubwa wa kiganja. Acha dakika 20, suuza vizuri (utamu ukibaki, sisimizi wanakuja), kisha paka vazelini kabla ngozi haijakauka. Wengi huruka vazelini, halafu wanalaumu asali. Lakini asali huvuta maji. Kinachoyazuia yasitoke ni mafuta. Usiipashe moto pia: kimeng'enya chake kinachosaidia kuua vijidudu huharibika.

Pomadi aliyoandika daktari iendelee.

Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipakwe, maana atalamba, na asali huweza kubeba mbegu za botulizimu (ugonjwa hatari wa kupooza). Ukiona usaha, homa, au malengelenge madogo yenye maumivu makali, nenda hospitali siku hiyohiyo.