Taa, buibui na king'ora

Mteja wangu wa Kisumu, mwenye godauni karibu na ziwa, alinipigia akiwa amefura: "Fundi, king'ora chako kinamwamsha askari bure!" Nilipopanda ngazi nikakuta utando wa buibui mbele ya lenzi ya sensa, umejaa wale wadudu wadogo wa ziwani. Taa ilifungwa juu yake kabisa. Wadudu hufuata mwanga, buibui naye hufuata wadudu. Tukaihamisha taa.

Sensa ya joto hiyo hainasi sura ya mtu. Huhisi tofauti kati ya joto la mwili na la ukuta ulio nyuma yake. Jua likichoma mpaka ukuta ukakaribia nyuzi 37, tofauti hupungua na mwizi anaweza kupenya.

Kwenye ua mrefu napendelea miale pacha, yaani mistari miwili ya mwanga usioonekana inayopita kutoka nguzo hadi nguzo. King'ora hakilii mpaka miale yote miwili ikatizwe kwa pamoja, kwa hiyo ndege mmoja hasumbui. Kule Molo ukungu mzito huidhoofisha, nami hufunga sensa za mtikisiko kwenye seng'enge, mradi waya umekazwa.

Nyasi nazo zifyekwe, zisiyumbe na kukiliza king'ora bure. Wateja hulipia mitambo bila neno, halafu wanabishania pesa ya mfyekaji.