Kila Anionaye Ataniua

Somo: Mwanzo 4:1–24

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kila yanapotokea mauaji ya bunduki Marekani, swali linalozunguka kwenye makundi yetu ya maombi ni lilelile: watu wale wamepatwa na nini? Makanisa yamejaa kila kona, wamisionari wao wamefika hadi vijijini kwetu, na bado watoto wanapigwa risasi darasani. Newtown mwaka 2012, watoto 20 na watu wazima 6. Uvalde mwaka 2022, watoto 19 na walimu 2. Wiki hii naomba tulitazame swali hilo kupitia Kaini.

Kaini amemwua ndugu yake. Ungedhani watu ndio wamwogope yeye, lakini anayetetemeka ni yeye: "hata itakuwa kila anionaye ataniua." Hakuna aliyemtishia. Hata Mungu hakutamka kwamba atakufa. Ila aliyekwisha kumwaga damu humwona mwuaji katika kila sura anayokutana nayo. Shuka vizazi vichache umsikilize Lameki akijisifu mbele ya wake zake: "nimemwua mtu kwa kunitia jeraha, kijana kwa kunichubua." Amechubuliwa tu, na jibu lake ni kifo. Mwanawe Tubal-kaini ni mhunzi wa shaba na chuma. Biblia haisemi alifua silaha, nami sitaongeza neno. Lakini hofu ya Kaini na majivuno ya Lameki tayari viko katika ukoo mmoja.

Sasa twende South Carolina, jimbo la Marekani, wakati bado ni koloni la Waingereza. Mashamba ya mpunga yalilimwa na Waafrika waliotekwa, na idadi yao ilikuwa imewapita wazungu. Tangu 1704 kulikuwa na doria za kisheria za kuwasaka na kuwapiga watumwa waliotoka bila kibali. Agosti 1739 watawala wa koloni wakapitisha sheria ambayo mkristo anapaswa kuisoma mara mbili: wanaume wazungu waende na bunduki kanisani kila Jumapili. Kwa nini Jumapili? Kwa sababu ndiyo siku mabwana wamekusanyika ibadani, na watumwa hawako kazini. Sheria haijaanza hata kutumika, Jumapili ya tarehe 9 Septemba, watumwa walio karibu na mto Stono wakavunja duka, wakachukua bunduki na kuasi. Damu ilimwagika pande zote mbili.

Hebu waone mabwana hao wakiimba zaburi, bunduki zimeegemezwa karibu nao, masikio yako mlangoni. Wanajua walichomtendea jirani, kwa hiyo wanajua jirani angeweza kuwatendea nini. Ni maneno ya Kaini kabisa.

Mambo mengine yalikuja juu ya hofu hiyo. Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yanayotaja haki ya watu kumiliki silaha. Vita vya kuwafukuza wenyeji wa asili katika ardhi yao. Biashara kubwa ya silaha. Sidharau hata moja, na sheria zina kazi yake. Wala simshutumu baba wa kijijini anayemfundisha mwanawe kuwinda paa msimu wa baridi; wengi wao ni wacha Mungu. Lakini tazama sababu wanazozitoa wenyewe. Mwaka 1999 kura ya maoni ya ABC News na gazeti la Washington Post ilipowauliza wenye bunduki, karibu nusu walisema ni kwa ajili ya kuwinda, na robo tu kujilinda. Mwaka 2023 taasisi ya utafiti ya Pew ilipouliza, waliotaja kujilinda kuwa sababu kubwa walikuwa 72 katika kila 100. Bunduki mikononi mwa raia sasa ni nyingi kuliko raia wenyewe. Kijana wa mtaa maskini wa Chicago naye anabeba kwa sababu anaamini mwenzake amebeba. Kila mmoja anamwogopa anayemwogopa.

Na ulinzi wenyewe uko wapi? Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 nchini humo. Zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua wenyewe. Hili kamera haziji kulipiga picha. Mtu alinunua silaha amzuie mwizi, mwizi hakuja. Ukaja usiku wa kukata tamaa, na silaha iko kwenye droo ya kando ya kitanda. Anayejaribu kujiua kwa njia nyingine mara nyingi huokolewa, naye hupata nafasi ya kuombewa, kutibiwa na kupona. Kwa bunduki, karibu tisa kati ya kumi hufa.

Januari 1956 nyumba ya mchungaji kijana Martin Luther King, aliyepigania haki za Weusi wa Marekani, ililipuliwa kwa bomu huko Montgomery, mkewe na mtoto mchanga wakiwa ndani. Huyu alikuwa na adui wa kweli. Aliomba kibali cha kubeba bunduki, akanyimwa, na silaha zilikuwemo nyumbani mwake. Kisha yeye na mkewe Coretta wakaketi, wakalizungumza, wakaamua kuziondoa. Wakafunga taa kubwa kuizunguka nyumba na kuajiri walinzi wasio na silaha, zamu kwa zamu. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa na hofu zaidi alipokuwa na bunduki ndani.

Nisiwafiche: tarehe 4 Aprili 1968 alipigwa risasi, akafa. Mwaka 1974 mama yake, Alberta, aliuawa kwa risasi kanisani Atlanta akiwa kwenye kinanda. Kuacha silaha hakukuwapa kinga ya mwili, na asiwadanganye mtu kwamba Yesu aliiahidi. Alichomwambia Petro ni, "Rudisha upanga wako mahali pake." Na pale Lameki alipojivunia kisasi mara sabini na saba, Bwana alitaja msamaha saba mara sabini.

Ninyi ndugu zetu mnaosali kwa Kiswahili kule Marekani, wengi mmefika mkikimbia bunduki za Kongo na Burundi. Najua wapo watakaowaambia kuwa mwanamume hawezi kuilinda familia bila silaha. Kabla ya kununua, kaeni mume na mke kama King na Coretta, mlizungumze mbele za Mungu. Kama ipo tayari, ifungeni kwa ufunguo, risasi zikae mbali nayo. Na mtoto anapoalikwa kucheza kwa jirani, ulizeni bila haya kama kuna bunduki nyumbani humo na inahifadhiwa wapi. Akiwepo kati yenu aliyenyamaza siku hizi, aliyeacha kuja ibadani, mtembeleeni wiki hii.