Mazda, kampuni ndogo yenye ubishi mkubwa

Watu wakianza kubishana kuhusu gari za Kijapani utasikia Toyota, Toyota, Toyota, alafu Honda, Nissan, Subaru ana watu wake wanaompigania, na Mazda anatajwa mwishoni kabisa kama vile mtu kakumbuka njiani. Hio kitu inaniuma kweli. Ukiifatilia historia ya hii kampuni unakuta imekaribia kufa mara kadhaa na kila ikiamka inakataa kutengeneza gari ya kufanana na ya wenzake. Na ukikaa na wenye Mazda ukasikiliza wanavyozisifia na wanavyozilalamikia utagundua sifa na lawama zote zinatoka sehemu moja, ule ubishi wa watu wa Hiroshima.

Tuanze mwanzo. 1920, Hiroshima, na wala haikua kampuni ya magari, ilikua inatengeneza koki, yale magome ya kutengenezea vizibo, na jina lake lilikua Toyo Cork Kogyo. Mwaka uliofuata usukani akashika Jujiro Matsuda, mtoto wa mvuvi aliyejifunza kazi kwa mhunzi huko Osaka, mtu wa vyuma toka utotoni. Kwahiyo haishangazi koki ikaachwa taratibu, kampuni ikahamia kwenye mashine, na 1931 wakatoa Mazda-Go, guta la injini la miguu mitatu lenye sehemu ya mizigo nyuma. Hilo ndo lililowalisha kwa miaka mingi, sio gari ndogo za kifahari.

Alafu ikaja tarehe 6 Agosti 1945. Siku hio Matsuda alikua anatimiza miaka 70. Kiwanda kipo Fuchu, kama kilomita 5 kutoka pale bomu la atomiki lilipolipukia, na katikati kuna kilima kinaitwa Hijiyama, kile kilima kikapokea sehemu kubwa ya nguvu ya mlipuko na majengo ya kiwanda yakabaki yamesimama. Matsuda alipona, lakini wapo wafanyakazi wake waliokua mjini asubuhi ile wakafa. Kiwanda kikageuka sehemu ya kutibia majeruhi, na serikali ya mkoa ikahamia humo humo kufanya kazi zake mpaka 1946 maana mjini hakukua na ofisi tena. Desemba ya mwaka ule ule wa bomu maguta yakaanza kutoka tena. Miezi minne tu bana! Mji unahitaji kubeba mbao, mchele, vifusi, na wao ndo wana kitu cha kubebea. Nikisoma hio sehemu naelewa kwanini watu wa Hiroshima wanaiona Mazda kama mali yao, hata timu yao ya besiboli, Hiroshima Toyo Carp, imebeba lile neno Toyo la kampuni mpaka leo.

Gari yao ya kwanza ya abiria ni R360 Coupe ya 1960, kadude kadogo ka cc 356, na ilifanya vizuri sokoni. Ila hapo hapo serikali ya Japani ikawa na mawazo kwamba watengenezaji wadogo waunganishwe na wakubwa ili nchi iweze kushindana na wageni. Mazda akaona akikaa hivi hivi atamezwa, inabidi awe na kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Tsuneji Matsuda, aliyekua bosi wakati huo, akaenda Ujerumani kwa kampuni ya NSU, na 1961 wakafunga mkataba wa kutumia injini ya rotari ya Felix Wankel.

Hapa naomba nikae kidogo maana bila kuielewa rotari huwezi kumuelewa Mazda. Injini ya kawaida ina pistoni zinapanda na kushuka. Rotari haina hivyo, ina rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya chemba yenye umbo la yai lililobanwa katikati, na zile pande tatu za rota zinafanya kazi kwa pamoja, huu unavuta hewa na mafuta, huu unabana na kuchoma, huu unatoa moshi. Hakuna valvu, vitu vinavyotembea ni vichache, kwahiyo injini inakua ndogo, nyepesi, inapanda mizunguko bila kutetemeka. Kwenye karatasi ni raha tupu. Shida ipo kwenye zile pembe tatu, kila pembe ina sili, kipande chembamba cha kuzuia hewa isivuje, kinachokwangua ukuta wa chemba muda wote, na kwenye injini za majaribio zile sili zilikua zinachora mistari kwenye ukuta mpaka injini inakufa, wahandisi wakaiita makucha ya shetani.

Kazi ya kuyamaliza hayo makucha akapewa Kenichi Yamamoto na vijana wake, wanatajwa kua 47. Wakajaribu kila aina ya vitu kwenye zile sili mpaka wakapata mchanganyiko wa kaboni na aluminiamu uliokubali, na Mei 1967 Cosmo Sport ikaingia sokoni, gari ya kwanza duniani yenye rotari ya rota mbili. Mwaka uliofuata wakaipeleka Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, kwenye mbio za masaa 84, ikamaliza nafasi ya 4. NSU wenyewe waliowauzia teknolojia walitoa Ro 80, injini zikawa zinakufa mapema, madai ya waranti yakawaelemea na 1969 wakachukuliwa na Volkswagen. Mwenye teknolojia kazama, aliyeinunua kaogelea. Hapo ndo namuheshimu sana Yamamoto, na baadae akaja kua rais wa kampuni, alistahili kabisa.

Ila rotari inakunywa mafuta. Chemba yake ni ndefu, mchanganyiko hauungui wote vizuri, na ilipokuja ile shida ya mafuta ya 1973 Mazda alikua kaweka rotari kila mahali mpaka kwenye pikapu, akaanguka vibaya. Benki ya Sumitomo ikaingia kuokoa, wafanyakazi wa kiwandani wakatumwa kwenda kuuza magari, na 1979 Ford wakachukua robo ya hisa. Mtu wa kawaida hapo angeiacha rotari moja kwa moja. Wao 1978, katikati ya madeni, wakatoa RX-7, gari ya michezo ya rotari!! Gari nyepesi, injini imerudishwa nyuma kidogo kuelekea katikati ya gari, uzito umekaa sawa mbele na nyuma, na ikauzika kweli kweli. Gari yao iliyoitwa Familia, ya 1980, yenye kuvuta mbele ikabeba upande wa mkate wa kila siku, na ndo gari ya kwanza kabisa kushinda tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Japani.

1989 ikaja MX-5. Wakati huo gari ndogo za wazi za viti viwili zilikua zimeshakufa karibu zote, zile za Waingereza zilikua zinavuja oili na taa zinagoma, watu wameshazichoka. Mazda akachukua lile wazo akalijenga kwa uaminifu wa Kijapani, injini mbele, nguvu nyuma, uzito mdogo, basi. Haikua na nguvu za kutisha na wala haikuhitaji. Aprili 2016 wakafikisha gari milioni moja za MX-5, hakuna gari ya wazi ya viti viwili iliyouzika kuliko hio.

Na 1991, Le Mans, yale mashindano ya masaa 24 ya Ufaransa. Gari ya mbio ya 787B namba 55, rangi ya chungwa na kijani, rotari ya rota nne yenye kama farasi 700, madereva Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot. Mercedes walikua wanaongoza mpaka gari lao likachemsha zikiwa zimebaki masaa machache, Mazda akapita na akamaliza mizunguko 362. Herbert aliendesha mpaka mwili ukaishiwa maji, akashindwa hata kupanda jukwaani kupokea kombe. Hakuna kampuni ya Kijapani iliyokua imewahi kushinda pale, na ilibidi kusubiri mpaka 2018 Toyota aje kua wa pili. Tafuta video yake usikilize ule mlio, nywele zinasimama.

Miaka ya tisini iliyobaki naipita haraka kwasababu ni ya huzuni, walifungua mitandao mitano ya maduka ya kuuzia gari, kila mmoja na jina lake, ndani ya Japani wakati uchumi unaanguka, wakaishiwa hela, 1996 Ford wakapandisha hisa mpaka asilimia 33.4 na akawekwa rais kutoka Ford, Henry Wallace, mgeni wa kwanza kuongoza kampuni ya magari ya Japani.

Sasa wenye gari wanasemaje? Kitu cha kwanza, karibu kila mmoja, ni uendeshaji. Sukani inakuambia tairi ziko wapi, gari inakata kona imetulia, na hata Demio ambayo ni gari ndogo ya sokoni na shuleni inakupa raha ile ile. Cha pili ni teknolojia ya Skyactiv iliyoanza 2011. Wenzao wote walikua wanakimbilia injini ndogo zenye turbo na gia za CVT, zile za mkanda zisizo na hatua, Mazda akabaki na injini za kawaida akapandisha kompresheni ya petroli, yaani kiasi cha kubana hewa na mafuta kabla ya kuchoma, mpaka 14 kwa 1, kiwango cha injini za mashindano, na akaendelea na otomatiki ya gia sita za kweli. Wenye gari wanalipenda hilo sana maana ile gia haina kuvuta kama mpira, na ni mashine ambayo fundi anaielewa. 2020 jarida la Consumer Reports la Marekani lilimuweka Mazda namba moja kwa uimara, juu ya Toyota.

Lawama nazo zipo na ni za kweli. Mazda3 na Mazda6 za mwanzo za miaka ya 2000 zinaliwa na kutu kwenye fenda za nyuma, ukienda kununua piga magoti uchungulie. Dizeli za Skyactiv hazipendi safari fupi fupi, chujio la moshi halipati joto la kujisafisha, dizeli inashuka kwenye oili na unaona kipimo kinapanda badala ya kushuka, na kaboni inajaa kwenye njia ya hewa. Kama matembezi yako ni ya karibu chukua ya petroli, sio swala la kujadili. RX-8, gari yao nyingine ya rotari, ndo kabisa, ile gari imeundwa kuchoma oili kidogo ili kulainisha sili, asiyejua hilo anaiua kwa kutokuangalia kipimo, na ukiiwasha ukaizima ikiwa baridi inalowa mafuta na kugoma kuwaka. Ukitaka RX-8 lazima upime kompresheni na kipimo cha rotari chenyewe, sio hiki cha pistoni, la sivyo unanunua bodi tu. Alafu kuna siti za nyuma kubana, kelele za barabara kuingia ndani, na zile skrini walizoondoa mguso ili dereva atumie kitufe cha kuzungusha, wengine wanachukia, mi naona wako sahihi kabisa.

SUV yao ya CX-60 ya 2022 ni ubishi ule ule, dunia inahamia kwenye betri wao wanatoa injini mpya ya silinda sita mstari mmoja, dizeli ya lita 3.3. Injini inasifiwa kwa kula mafuta kidogo, ila waliotangulia kununua walilalamika sana inarusha nyuma na gia zinashtuka, na Mazda akaja kuirekebisha sasipensheni.

Na rotari imerudi. MX-30 ya umeme ilitembea kama kilomita 200 tu kwa chaji moja, watu hawakuitaka, kwahiyo 2023 wakaiwekea rota moja ya cc 830 inayozungusha jenereta tu, haigusi tairi kabisa. Februari 2024 wakaunda upya kikosi cha kutengeneza rotari. Nadhani hii kazi inaifaa kuliko zote ilizopewa nyuma, maana kwenye jenereta injini haipelekwi juu na chini na mguu wa dereva, inapangiwa mizunguko ya kufanyia kazi, na kama kuna sehemu zile sili za kwenye pembe za rota zinaweza kudumu ni hapo. Tusubiri hizo gari zifike kilomita laki mbili ndo tutajua.