Kovu limefunga, tumbo bado lina neno

Mwanangu sasa anatambaa na kuvuta kila kilichowekwa chini, na mimi bado nikitaka kupiga chafya nalishika tumbo kwanza. Nilijifungua kwa upasuaji. Watu wakisikia kovu limekauka wanaona mambo yamekwisha. "Si ulishapona wewe?" Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Mbona umenenepa hivyo?" Maswali haya huulizwa kama mawili. Kwangu mimi ni moja.

Kovu linaloonekana ni mstari mdogo tu juu ya kinena. Chini yake daktari alikata ngozi, mafuta, utando mgumu unaoishikilia misuli ya tumbo, utando mwembamba wa ndani, ndipo akaufikia mfuko wa uzazi. Misuli yenyewe kwa kawaida haikatwi, hutenganishwa katikati na kuvutwa pembeni. Ngozi hufunga mapema, ndiyo maana inadanganya watu. Ule utando mgumu unaendelea kujijenga kwa miezi. Na katika kukata, vijishipa vidogo vya fahamu huguswa. Ndiyo sababu juu ya kovu langu nina ganzi, nikipapasa nahisi kama ngozi ya mtu mwingine, lakini pembeni kulia pananichoma ghafla nikigeuka kitandani. Nguo ya ndani yenye mpira mkali ndiyo usiseme.

Niliambiwa nivumilie, ndiyo uzazi. Nilivumilia mpaka nikachoka, nikarudi kwa daktari. Yeye hakucheka wala kushangaa. Alisema maumivu ya upasuaji yakipita miezi mitatu hayaitwi tena ya kupona, yanatafutiwa chanzo. Akapapasa kuangalia ngiri. Akauliza kama pana uvimbe unaouma zaidi siku za hedhi, kwa sababu chembe za ukuta wa mfuko wa uzazi zinaweza kubaki ndani ya kovu na kuota hapo. Sikuwa na hilo. Langu lilikuwa kovu lililogandamana na nyama za chini yake, pamoja na mshipa wa fahamu wenye hasira.

Dawa yake ilinishangaza: vidole vyangu mwenyewe. Kwa kuwa kidonda kilishafunga kabisa, nilifundishwa kulikanda kovu taratibu, juu na chini, kisha kwa mzunguko, mpaka ngozi ianze kuteleza juu ya kilichoko chini. Siku za mwanzo hata kuliangalia nilikuwa siwezi. Nilianza nikiwa nimefumba macho, mbali na kovu lenyewe, nikisogea kidogo kidogo.

Mgongo nao ulikuwa unaniuma, na wifi yangu alishatoa hukumu: "Ni ile sindano ya ganzi ya mgongoni uliyochomwa kwa upasuaji, hiyo haikuachi maisha." Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, aliniambia pale ilipochomwa panaweza kuuma kwa siku kadhaa, ila tafiti hazijaonyesha kwamba sindano hiyo huacha maumivu ya mgongo ya kudumu. Alinilaza chali, akaniambia niinue kichwa, akaweka vidole juu ya kitovu. Vikazama. Misuli ya mbele ilikuwa imeachana tangu ujauzito, hivyo mgongo ulikuwa unabeba kazi isiyo yake, huku mimi nikiinama mchana kutwa kunyonyesha na kubadilisha nepi.

Hapo ndipo uzito unapoingia. Siku ya kujifungua mwili hupungua kilo kadhaa papo hapo: mtoto, kondo la nyuma, maji, damu. Zinazobaki ndizo kesi. Niliahidiwa kwamba kunyonyesha kutazimaliza. Ni kweli kutengeneza maziwa hutumia kalori mia tatu hadi mia tano kwa siku, lakini hakuna aliyenitajia njaa inayokuja nayo. Nilikuwa nakula nimesimama, kwa mkono mmoja, saa nane za usiku. Usingizi wa vipande vipande huongeza hiyo njaa. Juu ya hayo, nilikuwa sitembei kwa sababu ya maumivu; kwa kutotembea nikanenepa; tumbo likaning'inia juu ya kovu na kulivuta, maumivu yakazidi. Aniambiaye "fanya mazoezi tu" aniambie kwanza niingilie wapi kwenye mduara huo.

Mimi niliingilia kwenye maumivu. Mkanda wa tumbo ulinisaidia kusimama na kutembea wiki za kwanza, lakini hauyeyushi mafuta, hata uubane mpaka ukose pumzi. Zoezi la kulala chali na kujikunja kuelekea magoti nilikatazwa. Nilichopewa kilionekana cha kuchekesha: kutoa pumzi polepole huku nikikaza misuli ya chini ya nyonga, kama anayezuia mkojo, na kuvuta kitovu ndani. Baadaye kutembea, mtoto nikiwa nimembeba. Niliomba pia nipimwe thairoidi, ile tezi ya shingoni, maana baadhi ya wanawake huvurugikiwa nayo ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua na uzito hugoma kwa sababu hiyo. Yangu ilikuwa sawa.

(Kama ndiyo kwanza umetoka kujifungua na una homa, mshono unatoa usaha, mguu mmoja umevimba na kuuma, pumzi inakata au damu inatoka kwa wingi, acha kusoma hapa. Nenda hospitali sasa hivi.)

Uchomaji wa pembeni umepungua sana, ganzi ipo palepale. Daktari anasema huenda kipande kidogo kisirudi kabisa. Kilo zinashuka kwa matakwa yao, wiki hii kidogo, wiki mbili zinazofuata hakuna kitu. Suruali za zamani nimezigawa. Nilizonunua zina kiuno kirefu na laini, kinachopita juu ya kovu bila kuligusa, na mtaalamu wa fiziotherapia ameniruhusu nianze kunyanyua vyuma vyepesi.