Maktaba Zilizopotea za Kikoba cha Mbagala

Simu mpya ndiyo iliyoanzisha yote. Mweka hazina wa kikoba kimoja cha Mbagala Rangi Tatu alinunua simu Kariakoo, yenye Android 14, akarushiwa faili la programu yao ya hisa kama walivyozoea kurushiana, na simu ikagoma kuisakinisha. Akanipigia jioni ileile.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii simu inasema programu yetu ni ya zamani, haiingii. Sasa hisa za watu zitakuwaje?”

Hisa za watu zilikuwa salama kwenye simu ya zamani. Nikamwomba asiifute ile programu wala asiiuze simu, tena asimpe mtoto achezee.

Ukilieleza kwa maneno, tatizo ni dogo. Android 14, iliyotoka 2023, haikubali kusakinisha programu inayolenga API (namba ya ndani ya toleo la Android) iliyo chini ya 23. Hiyo 23 ni Android 6 ya mwaka 2015, toleo lililoanza kuilazimisha programu imwombe mwenye simu ruhusa pale inapotaka kutumia kamera, majina ya watu au meseji. Wezi wa taarifa waliendelea kulenga 22 makusudi ili wakwepe ulazima huo, ndipo mlango ukafungwa. Programu ya kikoba ililenga 22 bila nia mbaya. Iliandikwa 2016 na kijana wa mtaani kwao ambaye sasa anaishi mkoani, na tangu hapo imefanya kazi bila kuguswa. Kilichotakiwa ni kubadili namba, kuongeza maombi ya ruhusa, kisha kuijenga upya, yaani kuyageuza maandishi yake kuwa faili la kusakinisha. Muda wangu wote umeishia kwenye hiyo “kuijenga upya”.

Kijana yule aliacha vitu vyake kwa utaratibu mzuri: flashi yenye msimbo wote (ndiyo maandishi hayo), na faili la ufunguo wa kutia sahihi likiwa na nywila yake. Bila ufunguo uleule, toleo jipya haliwezi kukaa juu ya la zamani. Ingebidi kuifuta programu, na hesabu zote zingekwenda nayo. Namheshimu sana kwa hilo. Ila maktaba alizozitegemea, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine, hazimo kwenye flashi. Kwenye faili la build.gradle yamo majina yake tu, na majina yanaelekeza kwenye maghala ya intaneti jinsi yalivyokuwa 2016.

Nilipofungua mradi, Gradle, chombo kinachoijenga programu, ikatoa ukurasa mzima mwekundu wa makosa.

Nataka niandike kuhusu ukurasa huo kwa sababu naona vijana wengi wanazoea kuukimbia. Dogo ninayefanya naye kazi hapa Sinza ni hodari kweli, lakini akiona kwamba maktaba haikupatikana, mkono unakwenda moja kwa moja kutafuta mstari wa kubandika. Nikamwambia tusome kwanza.

“Kaka, si imesema tu haipo?”

Haikusema hivyo tu. Ujumbe wa Gradle una sehemu tatu na zote ni za muhimu. Kwanza jina la maktaba lenye vipande vitatu: kundi, jina lenyewe, na toleo. Halafu orodha ya anwani zote ilikotafutwa, moja baada ya nyingine. Mwisho, nani aliyeihitaji. Hiyo ya mwisho wengi hawaifikii, na ndiyo inayookoa muda. Maktaba ya kwanza iliyokosekana kwetu haikuandikwa popote kwenye mradi. Ililetwa na maktaba nyingine, nayo ililetwa na nyingine tena. Amri ya ./gradlew app:dependencies inauchora mti wote kwenye terminali, na penye tatizo inaandika FAILED. Tukakaa tukiufuata mti huo tawi kwa tawi, na kufika katikati dogo alikuwa ananionyesha yeye.

Anwani nazo zinasema mengi. Karibu kila kitu kwenye mradi kilielekezwa JCenter. Kwa miaka kadhaa hilo ndilo lilikuwa ghala ambalo Android Studio ililiweka yenyewe kwenye kila mradi mpya, kwa hiyo watu walilitumia bila hata kulichagua. Februari 2021 wamiliki wake, JFrog, wakatangaza kwamba linafungwa. Likaacha kupokea vitu vipya, likabaki la kusoma tu, na Agosti 2024 maombi yote yanayolifikia yakaanza kuelekezwa Maven Central, ghala jingine la wazi. Maktaba ambazo waandishi wake walizihamishia huko zinapatikana mpaka leo. Ambazo hazikuhamishwa, ombi linakwenda, linageuzwa, linafika Maven Central, na huko hakuna kitu kwa jina hilo.

Na nani angezihamisha? Mara nyingi maktaba ni ya mtu mmoja aliyeiandika usiku baada ya kazi, akaiweka wazi kwa wema wake, baadaye akapata watoto au akahamia kazi nyingine. Sina la kumlaumu. Machi 2016, mwaka uleule wa programu yetu, mwandishi mmoja aliondoa vifurushi vyake kwenye ghala la npm la JavaScript baada ya mgogoro wa jina. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa mpaka kiliporudishwa. Tunasimama juu ya mikono ya watu tusiowajua. Kila ninapoufuata mti wa maktaba nalihisi hilo, na nataka dogo alihisi pia kabla hajaongeza mstari mwingine.

Kulikuwa na anwani moja iliyoanza na http badala ya https. Maven Central ilishaacha kuzikubali hizo tangu tarehe 15 Januari 2020. Herufi moja, ikapona.

Lililotuchelewesha zaidi ni kosa lililovaa sura ya maktaba iliyopotea ilhali maktaba ipo. Tulipopandisha plagini ya Android (nyongeza inayoiwezesha Gradle kujenga programu za Android) hadi toleo la 8, Gradle ikadai hakuna aina ya plagini hiyo inayolingana. Ukisoma haraka utadhani ghala halina. Ukisoma mpaka chini unakuta inaeleza vizuri tu: plagini inataka Java 17 na kompyuta inaendesha Java 11. Kinyume chake nacho kipo. Ukiiendesha Gradle ya zamani kwa Java 17 inalalamika kuhusu faili lenye namba 61, na 61 ndiyo namba ya ndani ya Java 17. Hakuna ghala duniani litakalotibu hayo. Kinachotakiwa ni kupanga Java, Gradle na plagini ziwe za rika moja, ndipo uanze kuhesabu kilichopotea. Nashauri mtu yeyote anayefufua mradi wa zamani aanzie hapo.

Kuna pia maktaba za msaada za Android zenyewe. Zamani hizo zilishushwa pamoja na vifaa vya kutengenezea programu (SDK) zikakaa ndani ya kompyuta ya mwandishi, ndiyo maana msimbo uleule ulijengeka kwake na haujengeki kwangu. Baadaye Google wakazihamishia kwenye ghala lao la mtandaoni, na 2018 wakazipa majina mapya chini ya AndroidX. Toleo la mwisho kwa majina ya zamani ni 28.0.0. Android Studio ina chaguo la kuhamisha majina hayo lenyewe. Lakini maktaba moja ya mtu mwingine bado ilikuja na majina ya zamani, tukapata kosa la darasa moja (kipande cha msimbo chenye jina lake) kuwepo mara mbili. Kwa maktaba kama hizo kuna Jetifier, inayozibadilisha majina wakati wa kujenga. Mimi nilipendelea kuiondoa kabisa, na hapo tukafika kwenye swali ninaloliona kubwa kuliko yote ya juu.

Swali ni kama tunaihitaji kweli. Nikamwekea dogo sharti: kabla ya kutafuta maktaba iliyopotea, aniambie inafanya nini ndani ya programu hii. Si kwenye tovuti yake, ndani ya programu hii. Moja ilitumika kuweka mikato kwenye elfu, ili 50000 isomeke 50,000. Java ina DecimalFormat inayofanya hivyo bila kushusha chochote. Nyingine, nzito, ya kupakia picha kutoka mtandaoni, ilionyesha nembo ya kikoba tu, picha ambayo imo ndani ya programu. Nyingine ilileta kalenda, na Android ina kalenda yake. Tukaziondoa moja moja, tukijenga na kujaribu kila baada ya kuondoa. Orodha ikawa fupi kiasi cha kusomeka bila kushusha ukurasa. Kila jina lililobaki ni deni: lazima awepo mtu wa kulifuatilia, na akina mama wa Mbagala hawana kitengo cha kompyuta.

Kuna maktaba moja ambayo hatukuweza kuiacha, ile inayochora duara la mgawanyo wa hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Wanachama wasiosoma hesabu kwa urahisi wanalielewa duara lile. Ilikuwa JCenter peke yake. Dogo akakuta tovuti fulani inayotoa faili lake lililokwisha kujengwa, na kijana mwaminifu asingeona kosa hapo. Mimi nilikataa, na nilimweleza kwa nini. Mwaka 2021 mtafiti Alex Birsan alionyesha kwamba akiweka kwenye maghala ya wazi vifurushi vyenye majina sawa na vifurushi vya ndani vya kampuni, mifumo yao inavichukua vyake yenyewe. Aliingia hivyo kwenye kampuni zaidi ya 35, zikiwemo Apple na Microsoft. Jina kufanana si ushahidi wa kitu. Hii ni programu inayoshika kumbukumbu za fedha za mama ntilie na wauza vitenge. Siwezi kuingiza ndani yake faili nisilojua limetoka mkononi mwa nani.

Msimbo wa asili wa maktaba hiyo ulikuwa bado upo GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo wao, kwa leseni ya Apache 2.0 inayoruhusu kuunakili na kuubadili ilimradi leseni na jina la mwandishi vibaki. Tukausoma wote, si mrefu. Tukauingiza kama moduli ndani ya mradi wetu, leseni yake ikiwa pembeni. Zilizobaki nje tukazifungia kwa uthibitisho wa Gradle, ule unaoandika alama ya SHA-256, mithili ya alama ya kidole, ya kila faili kwenye verification-metadata.xml, ili kesho faili likibadilika hata herufi moja ujenzi usimame.

Halafu kuna Dar yenyewe. Bando likiisha katikati ya kushusha, au umeme ukikatika na ruta ikazima, Gradle inatoa kosa linalofanana sana na la maktaba isiyokuwepo. Angalia kama inasema haikupata au haikuweza kufika. Tofauti iko hapo. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima, waliokuwa na akiba kwenye diski waliendelea kufanya kazi. Tangu hapo hatumalizi mradi bila kuujenga mara moja kwa --offline, yaani bila intaneti. Ukikubali, maana yake kila kinachohitajika kiko ndani. Kisha tunanakili folda la modules-2 kutoka kwenye kashe (akiba) ya Gradle kwenda diski ya ofisi, na mwenzetu akija na kompyuta tupu hanunui bando kwa ajili ya vitu tulivyokwisha kushusha.

Maktaba ya mwisho ilikuwa ya mashine ndogo ya risiti. Hiyo ilikuwa faili la jar, lililokwisha kujengwa, lisilo na msimbo wala leseni, na lilivunjika tulipopandisha namba, kwa sababu tangu Android 12 programu lazima iombe ruhusa ya kuunganishwa na vifaa vya Bluetooth na lenyewe halijui kuomba. Nikampigia mweka hazina.

“Mama, risiti bado mnatoa kwa mashine?”

“Kila Jumamosi, mwanangu. Mtu akiweka hisa bila karatasi mkononi halali.”

Basi imebaki. Mashine za aina hiyo zinapokea amri za ESC/POS, ambazo ni baiti chache za kuanza, kunenepesha herufi na kusogeza karatasi, na Android inaweza kuzituma yenyewe kwa Bluetooth. Dogo ameandika darasa moja dogo linalofanya hivyo, na maombi ya ruhusa tumeyaandika kwa Kiswahili. Kwenye mashine tuliyoazima imechapa vizuri. Jumamosi tunakwenda Rangi Tatu kuijaribu na mashine yao, simu mbili mezani, tulinganishe hisa za mwanachama mmoja mmoja kabla ya ile ya zamani kuruhusiwa kuzimwa.