Kusasisha BIOS ya kompyuta ya nyumbani: kazi kubwa hufanyika kabla ya kubonyeza kitufe

Wiki iliyopita nilisasisha BIOS ya kompyuta yangu ya mezani, kazi niliyokuwa nimeiahirisha kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa sababu ya hofu. Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimekaa kando ya ndugu yangu alipokuwa akisasisha ya kwake. Skrini ikawa nyeusi katikati ya zoezi, akasubiri kidogo, akaamini kwamba mashine imekwama, akashikilia kitufe cha kuwashia hadi feni zikanyamaza. Haikuwaka tena. Leo ninaelewa kwamba huenda mashine ile ilikuwa ikiendelea na kazi yake kama kawaida, na ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu.

BIOS, ambayo katika mashine za siku hizi kwa usahihi huitwa UEFI, ndiyo programu inayoamsha prosesa, kumbukumbu na diski kabla Windows au Linux haijaanza. Haikai kwenye diski, bali katika chipu ndogo, mara nyingi yenye miguu minane, iliyochomelewa kwenye ubao mama (bodi kuu ya kompyuta), na ujazo wake kwa kawaida ni megabaiti 16 au 32 tu. Wakati wa kusasisha, sehemu za chipu hiyo hufutwa kwanza ndipo ziandikwe upya, kwa hiyo umeme ukikatika kati ya kufuta na kuandika, mashine inabaki bila maelekezo ya jinsi ya kuamka. Diski ikifa, utafunga nyingine na kusakinisha mfumo endeshi upya. Chipu hii ikiandikwa nusu, huna hata pa kuanzia.

Kwa sababu hiyo sishauri mtu asasishe kwa kuwa tu ameona toleo jipya. Soma kwanza maelezo ya toleo hilo: je, linaziba mwanya wa usalama, linaiwezesha bodi kukubali prosesa mpya, au linaondoa hitilafu unayoiona kwa macho yako? Wakati mwingine jibu ni ndiyo bila shaka. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi, na marekebisho yalifikishwa kwa watumiaji kupitia masasisho ya BIOS. Marekebisho hayo yaliweza kuzuia madhara, lakini hayakuweza kuponya prosesa iliyokwisha kuharibika. Aliyechelewa alikuwa na la kupoteza.

Hatua inayostahili muda wako mwingi kuliko zote ni kujua bodi yako kwa hakika. Katika Windows, programu ya msinfo32 itakuonyesha jina la bodi na toleo la BIOS lililopo. Katika Linux, dmidecode hufanya kazi hiyo. Hata hivyo, watengenezaji wengine hutoa bodi za jina moja katika matoleo tofauti ya umbo, kila moja na faili lake, na namba ya toleo hilo huchapishwa kwenye bodi yenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika 1.0 kwenye daftari tangu siku niliyoinunua. Nilipofungua kasha na kumulika kwa tochi, nikapangusa vumbi chini ya kadi ya michoro, nilikuta maandishi meupe, madogo kama punje za mchele, yanayosomeka 1.2. Nilikuwa nimeshapakua faili la 1.0. Nililifuta papo hapo.

Faili lichukuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi au wa kompyuta peke yake, kamwe si kwa zile programu zinazoahidi kusasisha kila kitu kwa mbofyo mmoja. Mtengenezaji akiwa ameandika alama ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaotambulisha faili), ilinganishe na ya faili ulilopakua. Angalia pia kama toleo unalolitaka linadai upitie kwanza toleo la kati, na kama ukishapanda utaruhusiwa kushuka, kwa maana baadhi ya bodi hukataa.

Jambo linalowanasa wengi ni BitLocker, kinga ya Windows inayosimba yaliyomo kwenye diski kwa ufunguo. Ufunguo huo wa diski hufungamanishwa na TPM, chipu ya usalama ambayo hupima BIOS kila mashine inapowaka. BIOS ikibadilika, TPM inaweza kukataa kuutoa, nawe ukajikuta mbele ya skrini ya buluu inayodai tarakimu 48 za ufunguo wa dharura. Simamisha BitLocker kwa muda kabla ya kuanza, na hata hivyo uwe na tarakimu hizo kwenye karatasi, kwa kuwa zoezi hilo linaweza kufuta yaliyomo kwenye TPM yenyewe. Piga pia picha za kurasa zote za mipangilio ya BIOS kwa simu, hususan ukurasa wa hali ya diski, kwa sababu mipangilio mara nyingi hurudi ya kiwandani, na diski iliyosakinishwa katika hali ya RAID inaweza isiwake katika AHCI (hizi ni namna mbili za bodi kuwasiliana na diski). Nakala za nyaraka muhimu ziwe zimekwisha kuwekwa kwingine.

Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Mpakato iwe na betri iliyojaa na chaja iliyochomekwa. Kwa mezani ninapendelea kuandika faili kwenye flashi iliyoumbizwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 na kusasisha kutoka ndani ya menyu ya BIOS yenyewe, ambako hakuna programu nyingine ya kuingilia. Kwa mpakato, njia ya mtengenezaji kupitia Windows, au programu ya fwupd kwa wanaotumia Linux, inatosha.

Kisha unaacha mikono. Kwangu mstari ulijaa kwa takriban dakika nne, mashine ikajizima, ikawaka, ikajizima tena, na skrini ikabaki nyeusi huku feni zikizunguka kwa kasi. Hicho ndicho kipindi kilichomponza ndugu yangu. Mara nyingi wakati huo bodi inajifunza upya kumbukumbu zake, na kwa kumbukumbu za aina mpya ya DDR5 kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa bila dalili yoyote. Nilikuwa nimejiwekea sharti la kutogusa chochote kabla ya nusu saa kwa saa ya ukutani. Picha ilirudi dakika ya sita.

Kama isingerudi, bodi yangu ina kitufe nyuma kinachoisomesha BIOS kutoka kwenye flashi hata bila prosesa. Bodi nyingine zina chipu ya pili ya akiba. Zisizo na lolote kati ya hayo humhitaji fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja.

Baadaye nilithibitisha namba ya toleo, nikarudisha mipangilio kwa kufuata picha zangu, na mwisho nikaangalia kama BitLocker imerejea kazini, kwa sababu ikiwa imesimamishwa, ufunguo wa diski huwa wazi juu ya diski hiyohiyo.