Jinsi ninavyosafirisha kamera na kompyuta kwa ndege kutoka Entebbe

Kabla ya kugusa begi, tazama ndege ndogo kuliko zote utakazopanda. Hiyo ndiyo inayoamua. Wapiga picha wengi husoma tiketi ya safari ndefu, wakaona kilo 23 mara mbili chini na kilo 7 mkononi, wakapanga mzigo kwa kipimo hicho. Ndege kubwa haisumbui: Airbus A330-800 ya Uganda Airlines inapokea begi la magurudumu juu ya viti bila taabu. CRJ900 ya shirika hilohilo, inayotumika kwa safari za karibu, ni ndogo zaidi, na makabati yake ya juu huweza kujaa upesi. Begi la magurudumu likikosa nafasi, huchukuliwa mlangoni pa ndege na kushushwa tumboni. Ukiendelea hadi Kidepo au Kihihi kwa Cessna Caravan, kiwango cha kawaida ni kilo 15 kwa abiria, nguo na kamera zote humo humo, tena begi liwe laini ili lisukumike kwenye sanduku la mizigo chini ya ndege.

Kwa sababu hiyo kesi ngumu, yaani masanduku magumu ya vifaa, mimi huziacha zipakiwe chini, na mkononi nabeba begi la mgongoni. Kesi ya Peli 1510 inapendwa sana kwa kuwa vipimo vyake vinakubalika ndani ya ndege, lakini ikiwa tupu ina zaidi ya kilo 5. Penye kikomo cha kilo 7, umebakiwa na nafasi ya kamera moja na lenzi yake. Begi zuri la mgongoni halifiki kilo 2. Hata hivyo hesabu hubana: begi kilo 1.8, kamera mbili zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) kilo 1.4, lenzi ya 24-70 kama gramu 800, ya 70-200 kilo 1.3, laptopu ya inchi 16 kilo 2.1. Jumla ni 7.4, na betri za akiba hujazitia. Mimi hupima nyumbani kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, kisha lenzi nzito inaingia kwenye mfuko wa koti. Tiketi ikiruhusu mfuko wa pili wa laptopu, nautumia. Isiporuhusu, nalipia kilo za ziada mtandaoni mapema, maana mashirika mengi hutoza zaidi kaunta.

Kinachobaki mkononi sikichagui kwa bei. Kwanza ni betri za akiba, kwa kuwa sheria inataka hivyo. Pili ni kadi za kumbukumbu na diski ngumu (hard disk) zenye kazi, kwa kuwa hazinunuliki tena. Tatu ni kamera moja na lenzi moja, ili begi la chini likichelewa, kazi ya siku ya kwanza isilale. Stendi, tripodi, miavuli ya taa, nyaya na chaja zote zinakwenda chini.

Betri zinataka maelezo zaidi, maana hapo ndipo watu hukwama. Kipimo kinachoangaliwa ni Wh (wati-saa), yaani kiasi cha nishati kilichomo. Kama hakikuandikwa, zidisha voliti kwa mAh (miliampea-saa) zilizoandikwa juu yake, kisha gawanya kwa 1,000. Hadi Wh 100 unabeba bila kuomba. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na za akiba haziruhusiwi kuzidi mbili. Zaidi ya 160 haipandi ndege ya abiria. Betri za kamera nyingi ziko kwenye Wh 16 hivi, hazina tatizo. Ya taa ya Godox AD200 ni Wh 41.76, ya AD600 Pro ni 74.88. Zile nene za V-mount za kamera za video zinataka uangalifu: ya Wh 98 inapita, ya 150 bila kibali inabaki kwa maafisa wa usalama.

Pawabenki zina mtego wake. Ya mAh 20,000 kwa voliti 3.7 ni Wh 74, ya 26,800 ni 99, zote salama. Lakini mjini Kampala zimejaa zilizoandikwa mAh 50,000. Kwa maandishi hayo ni Wh 185, na afisa anafuata maandishi hata kama ndani haina nusu ya uwezo huo. Betri ambayo maandishi yake yamefutika nayo hunyang'anywa, kwa kuwa afisa hana cha kusoma. Ya namna hiyo iache nyumbani. Tangu Oktoba 2025 Emirates, ambayo inatua Entebbe, inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, isiyofika Wh 100, na hairuhusiwi kuchajia humo ndani. Ukipanda kwao ukiwa na tatu, mbili hazisafiri.

Haya yote yana sababu. Betri ya lithiamu ikipata shoti huanza kujichemsha yenyewe, seli moja inawasha nyingine, na gesi ya kuzimia moto iliyomo kwenye chumba cha mizigo haitoshi kuisimamisha. Kwenye chumba cha abiria, wahudumu wanauona moshi mapema na wanaumwagia maji. Ndege ya Air Busan iliyoungua Januari 2025 huko Busan, Korea Kusini, ilikuwa bado chini, na abiria wakawahi kutoka. Kwa hiyo funika ncha za betri: kofia yake ya plastiki, au kipande cha solotepu juu ya vile vyuma, kila moja katika kifuko chake. Usiziache zichanganyike na funguo au sarafu.

Sasa rudi kwenye CRJ900. Begi lako likichukuliwa mlangoni, betri lazima zitoke kabla halijashuka tumboni, na nyuma yako pana foleni. Mimi huweka betri, kadi na diski ngumu katika kipochi kimoja chenye zipu, juu kabisa ya begi, chenye kamba ya kuvuta. Zipu ya juu, vuta kamba, begi linakwenda. Ukiwa kaunta na mhudumu anataka begi lote lishuke, mwambie kwa upole, "Nyabo (yaani bibie, kwa Kiganda), humu mna betri za lithiamu, haziruhusiwi kwenda chini." Ni kweli, anaijua sheria hiyo, na mara nyingi mazungumzo hubadilika hapo hapo.

Kompyuta ya mezani inasafiri pia, lakini si kama ilivyo mezani. Kadi ya picha (graphics card) ndiyo adui: ni nzito, imening'inia kwenye tundu moja la ubao mama (motherboard), na kesi ikidondoshwa kidogo tu tundu linang'oka pamoja nayo. Itoe, itie kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, ibebe mkononi. Feni kubwa ya prosesa nayo itoke. Beba tyubu ndogo ya dawa ya kupitisha joto (thermal paste) ya kurudishia, haizidi ml 100. Diski ngumu za kuzunguka zitolewe, SSD, zile zisizo na kinachozunguka, zinaweza kubaki ila data iwe na nakala kwingine. Ndani ya kasha jaza sponji hadi isisogee kitu. Sponji ya godoro inauzwa soko la Owino, Kampala, ila chagua ngumu, ile laini hubonyea hadi kioo kinagusa plastiki. Skrini irudi kwenye boksi lake la asili. Kama huna, mbili zitazamane uso kwa uso na ubao mwembamba katikati, kamwe uso usiegemee nje. Bisibisi, spana za Allen na visu vya kukunja viende chini. Kopo la hewa ya kupuliza vumbi haliendi popote, si juu wala si chini, kwa kuwa lina gesi iliyoshindiliwa, mara nyingi inayowaka.

Karatasi za forodha ziandaliwe siku chache kabla. Andika kila kifaa: aina, modeli, namba ya seriali, thamani. Namba ya lenzi huchongwa karibu na sehemu inayoshika kamera, ya laptopu huwa mgongoni. Chapa nakala 3, pamoja na risiti kama zipo. Orodha hiyo iombee mhuri kwa afisa wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kabla hujakabidhi mabegi, kwa sababu anaweza kutaka kuona kifaa chenyewe na kulinganisha namba. Mizigo ikishapita kwenye mkanda, umechelewa. Ukirudi na vifaa vinavyong'aa bila karatasi, ni wewe wa kuthibitisha kwamba hukuvinunua nje. Ukivuka kwenda Kenya au Tanzania kwa kazi, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu kuingiza kwa muda, hadi miezi 12, ila huenda ukatakiwa dhamana. Droni ni jambo jingine: usiibebe kuingia Uganda kabla ya kupata kibali.

Entebbe ukaguzi huanza kabla ya jengo, abiria wanashuka garini na kukaguliwa, kwa hiyo mwenye kesi nne aongeze saa nzima. Filamu usipitishe kwenye mashine mpya za eksirei za CT. Omba ikaguliwe kwa mkono, hasa za ISO 800 kwenda juu. Kadi za kumbukumbu hazidhuriki.

Ukitua usifungue begi haraka. Kamera iliyotoka kwenye baridi ya ndege ikikutana na unyevu wa ziwani hutoa jasho hadi ndani ya lenzi, na ukungu wa kuvu huanzia hapo. Liache limefungwa kama saa moja, vifuko vya silika vikiwemo ndani.

Kesi za chini zifunguliwe kabla hujatoka ukumbi wa mizigo. Ukiona kioo kimepasuka, piga picha kesi na lebo yake ya mzigo, nenda dawati la mizigo, wakuandikie ripoti yenye namba. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya uharibifu yanatakiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, ya kuchelewa ndani ya siku 21. Kikomo cha fidia tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519, ile sarafu ya hesabu ya IMF, kama dola 2,000 kwa abiria. Lenzi moja ya 70-200 inaweza kuimaliza yote, kwa hiyo bima ya vifaa ilipiwe mapema, na orodha ya namba za seriali iliyopigwa mhuri wa URA ndiyo hiyo hiyo utakayoipeleka kwa kampuni ya bima.